Walitaka Picha ya Watoto Wakila

Kutoka Kahama mpaka Tingi nilitumia siku tano, na mbili kati ya hizo nilizimalizia mbele ya daraja lililokatika. Nilikuwa na begi moja la nguo na boksi la vifaa vya kutengenezea simu. Kibanda changu cha Kahama kilikuwa kimekufa taratibu, kama vinavyokufa vibanda vyote siku hizi: kwanza wateja wanauliza bei na kuondoka, halafu hawaulizi, halafu mwenye fremu anakuja na kufuli lake. Nililala stendi ya Dodoma, nikapita Dar es Salaam bila kumpigia mtu simu, nikapanda basi la kusini pale Mbagala huku mvua ikinyesha. Kabla ya Somanga tukakuta msururu wa malori na mabasi. Mto ulikuwa umeondoka na barabara.

Pale ndipo nilipoona jambo ambalo lingenifaa kulikumbuka baadaye. Abiria mmoja alipitisha simu yake tuone tangazo lililokuwa likizunguka mtandaoni, la kuwachangia wasafiri waliokwama kusini. Lilikuwa na picha ya basi lililozama mpaka madirishani, maneno ya huruma na namba ya kutuma pesa. Basi lile halikuwa letu wala la mtu yeyote kwenye foleni ile. Mama mmoja aliyekuwa akila muhogo wa kuchoma, ambao bei yake ilikuwa imepanda mara mbili tangu asubuhi, akasema, "Mpigieni huyo mwenye namba, mwambieni waliokwama tupo, atuletee hiyo michango." Watu wakacheka. Mimi sikucheka sana. Mwaka mmoja nyuma, Kahama, nilimchangia mtoto mgonjwa kwenye ukurasa wa namna hiyo, pesa ambayo kwa hali yangu ilikuwa chakula cha siku mbili. Miezi michache baadaye nikaikuta picha ileile, mtoto yuleyule na shuka lilelile, ila hospitali ilikuwa nyingine na jina jingine.

Siku ya tatu pale darajani tulivuka kwa miguu, viatu mkononi, tukapanda gari lililokuwa likisubiri ng'ambo.

Nilichagua Tingi kwa sababu niliwahi kuishi hapo. Marehemu baba alikuwa dereva wa greda la barabara, tukakaa miaka miwili, nikasoma darasa la tatu na la nne. Kwa zaidi ya miaka thelathini, katika kila mji niliohamia, nilikuwa nikiwasimulia watu kuhusu Tingi kama mtu anayesimulia mali aliyoiacha mahali. Nilipofika sikumjua mtu na hakuna aliyenijua. Vijana wa bodaboda waliniita Msukuma kwa kuwa nimetoka Kahama. Niliwaeleza kwamba mimi si Msukuma, wakaniambia hata Msukuma wa kwanza waliyemjua alisema hivyohivyo.

Nilipata chumba kwa mama mmoja mjane wa miaka sitini na kitu, Mwislamu wa pale pale, aliyekuwa akibangua korosho tangu akiwa msichana na kuziuza kwa abiria wa mabasi. Nilikuwa namwamkia shikamoo mama, ananijibu marahaba mwanangu, na kwa wiki ya kwanza hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu. Meza yangu niliiweka barazani kwake, upande wa barabara. Upande wa nyuma kulikuwa na ua wa makuti mrefu kuliko mtu, mpya na uliosukwa vizuri, wakati nyumba yenyewe bati lilikuwa limeliwa na kutu. Nilijiuliza mtu anayeshindwa kubadili bati anaficha nini nyuma ya ua mzuri namna ile.

Kila asubuhi, saa ya mapumziko ya shule, watoto walikuwa wakipita ubavuni mwa nyumba. Hawakuja kwa kundi. Alikuja mmoja, halafu baada ya kitambo mwingine, na kila mmoja alikuwa amebeba kitu: kijiti cha kuni, kindoo cha maji, hata tofali. Waliingia uani na baada ya dakika chache walitoka mikono mitupu. Nilidhani mama yule anawatumikisha watoto wa watu. Nilikaa na wazo hilo karibu wiki mbili, nikiwa napokea simu mbovu huku nikiwahesabu kwa jicho la pembeni.

Aliyenieleza alikuwa mwenzake, mama Mkatoliki kutoka vilima vya ndani, aliyekuwa akija kila alfajiri na unga kichwani. Siku moja alinikuta nachungulia. Akaniambia nisichungulie kama kuku, akanieleza palepale, kwa sauti ya chini. Kulikuwa na chungu cha uji. Mvua ilikuwa imeozesha ufuta mashambani, korosho za msimu ule zilikuwa chache, na nyumba nyingi mtoto alitoka kwenda shule na maji tu tumboni. Wale mama wawili walianza kupika kwa unga wao wenyewe. Baadaye msikitini wakaongeza, na jumuiya ya kanisani wakaongeza. Kuni na maji havikuwa malipo. Vilikuwa kwa ajili ya njiani, ili mtu akikutana na mtoto aseme huyu katumwa, asiseme huyu kwao hakuliki. Hata wao wawili hawakuwahi kumwuliza mtoto ni wa nani, ingawa waliwajua wote.

Niliposikia hayo niliona aibu, lakini shaka haikuondoka. Nimeshatembea sana, nimeona wema mwingi ambao mwisho wake ulikuwa na kiwanja na gari.

Mwezi uliofuata unga ukaanza kuisha. Msikitini walikuwa wamechangishana mpaka basi, kanisani hivyohivyo, na mwenye nyumba wangu alikuwa ameuza hata korosho alizoweka kwa ajili ya kubadilisha bati. Jioni moja alikuja mezani kwangu, akakaa kwenye benchi la wateja, akaniuliza kama ni kweli kwamba watu huchangishwa kwenye simu. Nikamwambia ni kweli. Akauliza hao watu wanamwonaje anayeomba. Nikamwambia hawamwoni. Akasema, "Basi hapo ndipo pazuri."

Kulikuwa na kundi la mtandaoni la wenyeji wa Tingi wanaoishi Dar es Salaam. Mwenyekiti wake alikuwa mwalimu mstaafu, mtu wa taratibu, anayeandika ujumbe wenye salamu, kiini na hitimisho. Niliomba kuingizwa, nikaandika habari ya chungu kile kwa sentensi chache, bila chumvi, nikaweka namba ya simu ya mama. Majibu yalianza kuja mchana uleule. Karibu kila mtu alianza na kulalamika: vyuma vimekaza, ada zimenikaba, mwenye nyumba kapandisha, ila nitatoa kidogo. Nilipenda namna walivyotoa. Wengi waliomba wasiandikwe majina, waandikwe "mja wa Mungu" tu, orodha nzima ikawa ya waja.

Kisha mmoja wao akaandika kwamba alipotaka kutuma, jina lililotokea kwenye simu lilikuwa la mwanamume. Mwingine akasema hata yeye ameliona. Kundi zima likanyamaza kwa nusu saa, na mtu yeyote aliyewahi kuwa kwenye kundi la michango anajua kimya cha namna hiyo maana yake nini. Mimi mwenyewe nilijaribu kutuma kiasi kidogo. Jina likaja: la mwanamume kweli.

Nilimfuata mama uani kwa mara ya kwanza, nikamkuta anasugua sufuria. Nilimwuliza kwa adabu laini yake imesajiliwa kwa nani. Hakushtuka. Alisema ni ya mtoto wa marehemu dada yake, anayekaa Lindi, Rasbura. Nikauliza kwa nini si yake. Akanyoosha mikono yote miwili mbele yangu, viganja juu.

"Mashine haivioni vidole vyangu," alisema. "Nimekwenda mara tatu. Yule kijana wa usajili akanifuta kwa spiriti, akanifuta kwa limau, akaniambia bibi, wewe huna alama."

Ncha za vidole vyake zilikuwa nyororo na zenye kung'aa kama ngozi ya kovu. Mafuta ya ganda la korosho huunguza, na yeye alikuwa ameungua kidogokidogo kwa miaka arobaini. Alisema wabanguaji wengi wa rika lake wako hivyo, laini zao zinatembea na vidole vya watoto na wajukuu. Nilivitazama vidole vile, nikaelewa, na bado nikawaza kwamba mtu mwenye kudanganya angepata wapi sababu nzuri kuliko hii.

Ndiyo maana Jumamosi ile nilipanda basi kwenda Lindi bila kumwambia. Nilizunguka Mtanda kwa makosa kabla ya kuelekezwa Rasbura, na jirani mmoja akanipeleka mpaka mlangoni. Mpwa wa mama alikuwa fundi mwashi, mtu mnene mwenye saruji kwenye nyusi. Alinikaribisha nikala wali na kunde kabla hajaniuliza shida yangu, na nilipoieleza alisubiri mkewe aondoe sahani.

"Kwa hiyo umenilia wali wangu ili uone kama mimi mwizi," alisema.

Nikamwambia nimekuja kwa niaba ya wachangiaji. Akacheka, akanipa simu yake niikague mwenyewe. Hapakuwa na kitu zaidi ya madeni ya vifurushi na picha za nyumba alizojenga. Akaniambia shangazi yake, kwa maana hata mama mdogo wao walimwita shangazi kwa utani wa kwao, hajawahi kumwomba hata mfuko wa saruji, na kwamba nikirudi Tingi nimwambie amsalimie. Sikumpa salamu hizo, kwani ningelazimika kusema nilikuwa wapi.

Nilipoeleza kundini kwamba jina ni la mpwa, na kisa cha vidole, mwenyekiti aliandika ujumbe mrefu wa kunishukuru. Mwishoni akasema: ili kuondoa wingu, wajumbe wanaomba picha. Watoto wakiwa wanakunywa uji. Wengine wakaunga mkono mmoja baada ya mwingine. Mmoja aliandika kwamba siku hizi hata chungu cha kuazima kinaweza kuchangisha, tuone midomo.

Mama alikataa kabla sijamaliza kueleza. Alisema watapata picha ya magunia, picha ya chungu, picha yake yeye akikoroga, na vidole vyake vikihitajika vipigwe karibu. Mtoto akila, hapana.

"Hata kwenye shughuli, mgeni akila unageuza uso," alisema. "Sembuse mwenye njaa."

Nilituma picha ya magunia. Wakauliza magunia ya nani. Nikatuma ya chungu. Wakauliza mbona kitupu. Michango ikasimama, na unga uliobaki ulikuwa wa siku sita, hilo nililiona kwa macho yangu.

Ningependa kuandika kwamba nilifanya nilichofanya kwa ajili ya unga. Nusu yake ndiyo hivyo. Nusu nyingine ni kwamba mimi mwenyewe nilikuwa sijawahi kuwaona watoto wakinywa uji. Nilikuwa nimeona wakiingia na kutoka, nimeona moshi, nimeambiwa. Ua ule ulikuwa unanikera tangu siku ya kwanza.

Tingi mtandao ni wa kutafuta. Mtu kusimama popote ameinua simu juu ya kichwa, akizunguka taratibu, ni jambo la kawaida, hakuna anayemwangalia. Nilisimama karibu na ua saa ya mapumziko, nikainua simu, nikazunguka taratibu, nikabonyeza mara tatu. Katika picha iliyotoka vizuri walikuwa watoto wanane wamechuchumaa kwenye kivuli cha ukuta, wengi wamenipa mgongo, vikombe vya plastiki mikononi. Mmoja alikuwa amegeuka. Nilimwekea doa jeusi usoni, nikaridhika kwamba nimetenda haki, nikaituma.

Sijawahi kuona kitu kikienda haraka kama kile. Waliosita walituma, waliokwishatuma wakaongeza. Mwenyekiti aliandika kwamba ametokwa na machozi. Baada ya siku mbili mama aliniita chumbani kwake nimsomee ujumbe wa simu kwa kuwa alidhani amekosea kusoma. Wiki ile lori lilishusha unga, sukari na karanga za kutosha mpaka mwisho wa muhula. Mwenzake wa vilimani alipiga ishara ya msalaba, yeye akasema alhamdulillahi, wakashikana mikono wakacheka kama wasichana. Aliniuliza imekuwaje watu wamelainika hivyo. Nikasema Mungu amewagusa.

Nilisahau kwamba kundi la Dar lina ndugu Tingi.

Mkulima mmoja aliyekuwa mteja wangu, mtu mpole aliyewahi kuniletea redio, alikuja akasimama mbele ya meza bila kukaa. Alinipa simu yake. Nilidhani ni kioo, maana kilikuwa kimepasuka. Ndani ya mpasuko ule ilikuwemo picha niliyoipiga.

"Fundi, hii umeiona?"

"Nimeiona."

"Huyu mwenye doa unamjua?"

Nikasema simjui, na nilikuwa nasema kweli.

"Mimi namjua. Hilo shati lilikuwa suruali yangu. Mke wangu ndiye aliyelishona." Akachukua simu yake, akaifuta kwa kiganja. "Kaka yangu yuko Dar, ndiye aliyenirushia. Ameandika neno moja tu chini yake. Ameandika, kumbe."

Hakuniuliza nani alipiga. Aliondoka, na jioni ile nikasikia kwamba amewapeleka watoto wake wote wawili kwa mama yao mkubwa, kijiji kingine, katikati ya muhula.

Kesho yake walikuja watoto wachache. Keshokutwa walikuja wawili, na mmoja akaitwa na mtu kutoka barabarani kabla hajaingia. Siku ya nne uji uliiva, ukatulia, ukaweka ngozi juu. Mama alikaa kwenye kigoda kando ya chungu mpaka kengele ya shule ilipolia ya kurudi darasani. Hakuna aliyekuja. Stoo ilikuwa imejaa mpaka mlango haufungi. Aliwamwagia mbuzi wa jirani sehemu ya uji ule, iliyobaki akaniletea mimi bakuli, akakaa kwenye benchi la wateja na kunitazama nikinywa. Alinitazama usoni, moja kwa moja, mpaka bakuli likaisha. Sijawahi kunywa kitu kigumu kama kile.

"Ulisimama upande gani?" aliuliza.

Nikamwonyesha.

"Kwa nini?"

"Nilitaka waamini, mama."

"Wao, au wewe?"

Hakusubiri jibu. Alisema amezunguka nyumba za wazazi tangu juzi, yeye na mwenzake, kila mmoja kwa watu wake. Wengine walimfungulia, wengine walimsemesha dirishani. Walichosema ni kimoja: chumba kile kikiwa na mwenye simu, mtoto wao hatakanyaga uani. Njaa wataivumilia, kuchekwa na watu wa Dar hawawezi.

"Mimi sikufukuzi," alisema. "Kodi yako haijaisha. Lakini wewe una pa kwenda, umezoea. Wao hawana chungu kingine."

Nilimwomba siku moja ya kupanga mambo. Nilifuta picha kundini, ingawa ilikwishasambaa kama upupu, nikaandika yote: kwamba niliipiga kwa siri, kwamba mama alikataa, kwamba watoto wameacha kuja kwa sababu ya picha hiyo, kwamba yeyote aliye nayo aifute. Nikaandika pia kwamba namba ni ya mama, vidole ni vya mpwa, na kwamba nilikwenda mpaka Rasbura kuhakikisha. Nilifikiri watanielewa. Mjumbe mmoja akauliza kama watoto hawaji, unga uko wapi. Mwingine akauliza nauli ya Rasbura ilitoka mfuko gani. Mwenyekiti akaandika, kwa salamu zake zote, kwamba mtu aliyekiri kupiga picha kwa siri na kuzunguka kwa siri, kundi limwamini kwa lipi. Nilisoma ujumbe huo mara kadhaa. Ningekuwa mimi ndiye niliye Dar, ningeuliza hivyohivyo.

Asubuhi ya kuondoka nilimpa mama ufunguo. Alikikagua chumba kama mwenye nyumba yeyote: akainua godoro, akatazama nyuma ya mlango, akapapasa juu ya kenchi. Nilisimama na begi langu nikimwangalia, sikuudhika. Akanirudishia kodi ya siku zilizobaki, nikakataa, akaiweka juu ya boksi langu la vifaa na kuishika hapo mpaka nilipoichukua.

Nikamwuliza kama leo atawasha moto. Akasema hilo nisiulize tena, si leo wala nikiwa mbali.

"Nenda salama, mwanangu," alisema. "Na mtu akikuuliza habari zetu, sema hujui."

Nilikaa kituoni nikisubiri basi la kwenda kusini. Ilikuwa inakaribia saa ya mapumziko, na kutoka pale nyumba yake haionekani, kuna duka na ghala la chama mbele yake. Ningeweza kusogea hatua ishirini nikaona kama kuna moshi. Nilibaki nimekaa. Simu ikaita, alikuwa mwenyekiti, kwa sauti yake ya darasani, akitaka kuthibitisha jambo moja tu kabla kikao chao hakijaamua kama waendelee kutuma au wasimamishe: je, chungu kinapikwa?

"Sijui, mwalimu," nilisema.

"Hujui vipi, na wewe uko hapo?"

"Siko hapo tena. Mwulizeni mama mwenyewe, au mtumieni tu."

Akasema ameliandika hilo. Basi likaja, nikapanda, nikapata kiti cha upande usiotazama nyumba. Kabla hatujafika Nangurukuru nilifungua simu nikakuta nimeondolewa kwenye kundi.